Stendi ya kuinulia tairi la nyuma: pima kwanza, hela utoe baadaye

Mwaka juzi niliangusha pikipiki yangu uani kwangu, hapa Gungu mjini Kigoma, ikiwa imezimwa, haina abiria wala mwendo. Nilikuwa nimesukumia kreti la soda chini ya injini, tairi la nyuma likaning'inia, nami nikaanza kulegeza nati ya ekseli, kile chuma kinachopita katikati ya tairi. Nati ilishikwa na kutu. Nilipovuta spana mara ya kwanza kreti lililia. Nilipovuta mara ya pili pikipiki ikalala upande wa kulia, polepole, kama mtu aliyechoka anayetafuta mkeka. Leva ya breki ya mbele ikakatika na tangi likabonyea. Mke wangu akatoka jikoni, akatazama, akauliza kwa upole: "Baba watoto, yule fundi wa pale barabarani anachukua shilingi ngapi vile?"

Tangu siku hiyo sijainua pikipiki kwa kreti. Ninayoandika hapa kuhusu stendi ya kuinulia tairi la nyuma nimeyajua kwa kununua vibaya, kuchomelesha vibaya, kisha kuchomelesha vizuri. Ni kwa mtu anayetaka kusafisha cheni, kukaza cheni, kubadili breki shuu au kutoa tairi la nyuma akiwa nyumbani.

Kwanza jiulize kama unaihitaji

Ukiwa na Boxer, TVS HLX au pikipiki nyingine ya aina hiyo inayopiga bodaboda, tayari unayo stendi kubwa, ile ya katikati. Kwa kazi zote nilizotaja hapo juu inatosha. Tatizo ni kwamba nyingi zimekufa, na wengine wamezikata kwa sababu zinagonga matuta na mawe wakienda vijijini.

Ipime hivi. Iweke pikipiki juu ya stendi kubwa kwenye sakafu ya saruji. Tairi la nyuma linatakiwa liwe hewani, kiasi cha kupitisha kiberiti chini yake. Halafu shika keria, itikise kushoto na kulia. Ikicheza sana na kugonga ndani, pini na bushi za stendi zimekwisha. Tairi likigusa chini, nyayo za stendi zimelika kwa kuburuzwa, au stendi yenyewe imepinda. Fundi wa kuchomelea anaongeza kipande cha chuma bapa chini ya kila unyayo, anabadilisha pini, unafunga springi mpya, umemaliza. Gharama yake huwezi kuilinganisha na kununua stendi nyingine. Nawaambia hivi watu wanaokuja kuniazima stendi yangu, na wengi hawapendi kusikia, maana kitu kipya kina utamu wake.

Wanaohitaji kweli stendi ya nyuma ni wenye pikipiki zilizotoka kiwandani bila stendi ya katikati: Honda XL, Yamaha DT, na zile Yamaha AG ambazo mabwana shamba wamezitumia miaka mingi. AG ina stendi ndogo, ile ya pembeni, pande zote mbili, inasimama wima hata kwenye matope, lakini tairi linabaki chini. Hapa Kigoma pikipiki za namna hii si chache, kwa ajili ya miradi ya huku na kule Kasulu na Kibondo, na zikishazeeka huuzwa na kuingia mitaani.

Aina zake

Stendi ya nyuma ni fremu ya chuma yenye umbo la U. Ina vigurudumu viwili, mpini mrefu nyuma, na sehemu mbili za kubeba pikipiki. Inabeba swingamu, yaani ule mkono wa chuma unaoshika tairi la nyuma kutoka kwenye fremu. Unaisogeza kutokea nyuma mpini ukiwa juu, unakandamiza mpini chini, pikipiki inapanda. Tofauti kubwa ipo kwenye namna inavyoshika.

Aina ya kwanza ina panda mbili, kama panda ya manati. Panda hizo zinashika vibobini viwili vinavyofungwa kwa bolti kwenye swingamu, kushoto na kulia. Naviita vibobini kwa sababu vinafanana kabisa na bobini ya cherehani. Hii ndiyo inayoshika vizuri kuliko zote. Pikipiki haiwezi kuteleza mbele wala nyuma. Lakini swingamu iwe na matundu yenye nyuzi za bolti, ya milimita 6, 8 au 10 kutegemea pikipiki. Pikipiki zetu nyingi hazina. Usikubali mtu atoboe swingamu yako ili kuweka vibobini. Chuma chake ni bomba jembamba, na ukilitoboa pasipotakiwa umeanzisha ufa.

Aina ya pili ina viganja viwili vyenye umbo la L vilivyofunikwa raba, vinavyoingia chini ya swingamu. Hii ndiyo ya kwetu. Haihitaji tundu lolote, na upana wake ukiweza kurekebishwa itatumika hata kwa pikipiki ya jirani. Udhaifu wake ni kuteleza, hasa kwenye swingamu ya bomba la mviringo. Ya bomba la pembe nne inakaa vizuri zaidi.

Zipo pia zinazoshika kwenye nati za ekseli. Hizo ziache. Ekseli ndiyo unayotaka kuilegeza ili ukaze cheni au utoe tairi, sasa utailegezaje wakati ndiyo iliyobeba pikipiki? Na zipo za pini moja inayoingia ndani ya ekseli, kwa pikipiki kubwa zenye swingamu ya upande mmoja, ambazo sijawahi kuona zikipita mitaa yetu ya Mwanga wala Ujiji.

Kwa XL na DT kuna njia nyingine: stuli ya chuma au ya mbao inayowekwa chini ya injini. Chungulia kwanza. Kama mabomba ya fremu yanapita chini ya injini, au kuna bamba nene la kuikinga, sawa, inua hapo. Kama injini yenyewe ndiyo iko wazi chini, usiinue kwa kuegemeza alumini ya injini wala nati ya kumwagia oili. Nati hiyo ikikwanguka nyuzi, utajuta.

Na kwa mwenye haraka kuna kijiti. Pikipiki inaegemea stendi ndogo upande wa kushoto, mtu anaiinamisha kidogo zaidi, wewe unasimika kipande cha mti chenye panda upande wa kulia chini ya swingamu. Tairi linanyanyuka. Kwa kupaka oili ya cheni inafaa. Kwa kuvuta spana haifai, nimeshaeleza kilichonipata.

Vipimo, ukiwa na futi kamba na boksi tupu

Watu wengi wanaanzia dukani. Anza uani kwako. Simamisha pikipiki wima mahali tambarare, ikiwa haina mzigo, upepo wa tairi ukiwa sawa, na mtu wa kuishika.

Chagua mahali viganja vitakapokaa: chini ya swingamu, kama sentimita 8 hadi 10 mbele ya ekseli. Pima kimo kutoka chini hadi hapo, kushoto na kulia. Ongeza sentimita 4. Hicho ndicho kimo cha viganja stendi ikishalala chini. Usiwe na tamaa ya kuinua sana. Tairi likizunguka bila kugusa chini na likitoka bila kukwama, imetosha. Kila sentimita unayoongeza inaifanya pikipiki iwe nyepesi kuanguka.

Pima upana wa swingamu kutoka nje hadi nje, pamoja na vyote vinavyochomoza. Nguzo za stendi zipite nje ya hapo kwa angalau sentimita 3 kila upande.

Sasa lala chini kabisa uangalie kuna nini. Upande wa kulia kuna ekzosi, na kwenye breki ya drum kuna fimbo ya breki inayotoka kwenye pedeli hadi nyuma, sambamba na swingamu. Hapa ndipo nilipokosea kwenye stendi yangu ya kwanza. Kiganja cha kulia kiliigandamiza ile fimbo, breki ikajishika yenyewe, tairi likagoma kuzunguka. Nilitumia asubuhi nzima nikiamini beringi zimekufa. Nilishafungua hadi kifuniko cha cheni ndipo mwanangu, aliyekuwa amechuchumaa upande wa pili, akasema: "Baba, mbona hiki chuma kimepinda?"

Upande wa kushoto angalia kifuniko cha cheni na cheni yenyewe inapopita chini. Angalia pia vikanyagio vya abiria. Kwenye baadhi ya pikipiki vimefungwa kwenye swingamu yenyewe. Mwisho, mpini ukiwa umeinuliwa juu usigonge keria, pleti namba wala mkia wa madigadi. Kwa pikipiki ya bodaboda yenye keria ndefu ya kubebea magunia, hili peke yake linaweza kukataa stendi nzuri ya dukani.

Ukishapata vipimo, chora umbo la upande wa stendi kwenye boksi gumu, likate, ulisogeze kwenye pikipiki. Zungusha kama unavyokandamiza mpini. Utaona mwenyewe kinachogonga. Boksi ni bure.

Mpini uwe mrefu kiasi gani

Pikipiki nyingi za cc 125 hadi 150 hapa kwetu zina uzito wa kama kilo 110 hadi 130. Karibu nusu yake iko nyuma, tuseme kilo 60. Stendi ni wenzo: vigurudumu ndiyo egemeo. Kama mwanzo wa kuinua viganja viko sentimita 15 mbele ya vigurudumu, na mpini una urefu wa sentimita 60 kutoka vigurudumuni, unakandamiza kwa nguvu ya kama kilo 15. Hata kijana wa darasa la saba anaweza. Mpini ukiwa wa sentimita 30 nguvu inakuwa kilo 30, na hapo ndipo mtu anaurukia kwa mguu na pikipiki inayumba. Wanaofupisha mpini ili stendi ienee vizuri chini ya kitanda wanajitafutia kazi.

Jambo lingine ambalo fundi wa kuchomelea asipoambiwa hatalijua: stendi ikishalala chini, viganja viwe vimepita nyuma ya mstari wa vigurudumu kwa sentimita 4 hadi 6. Hapo uzito wa pikipiki ndio unaokandamiza mpini chini, stendi inajifunga yenyewe. Viganja vikiishia juu kabisa ya vigurudumu, au mbele yake, guso dogo tu linairudisha pikipiki chini.

Udongo wa uani

Hili nimelitenga peke yake kwa sababu picha za stendi zinapigwa kwenye sakafu laini, na sisi tunafanya kazi chini ya mwembe. Unapoinua, stendi inatakiwa ijiviringishe kidogo kuingia chini ya pikipiki. Kwenye mchanga, kama ule wa mitaa ya karibu na ziwa, vigurudumu vinazama, haviendi, na badala yake pikipiki ndiyo inayoburuzwa nyuma. Kwenye udongo mwekundu wa kwetu huku juu, wakati wa mvua, gurudumu moja linazama kuliko jingine na pikipiki inainama.

Dawa ni ubao. Chukua ubao mpana wa sentimita 60 hivi, mrefu wa mita moja, unene usiopungua sentimita 3, uulaze chini ukiwa umekaa sawasawa. Tairi la nyuma na stendi vyote vikae juu ya ubao. Ukiweka stendi tu juu ya ubao na tairi likabaki chini, kimo ulichopima kimeharibika. Vigurudumu viwe vipana, vya kipenyo cha sentimita 8 hadi 10. Vile vyembamba vya viti vya ofisini vinapasuka. Na kwenye mteremko, maana Kigoma ni mji wa vilima, elekeza pua ya pikipiki upande wa juu na uweke jiwe nyuma ya tairi la mbele.

Kununua au kuchomelesha

Za dukani mara nyingi unaagiza Dar, zinakuja kwa basi. Ukiagiza, omba upigiwe picha ya viganja au panda kwa karibu, uulize upana wa chini na wa juu unaoweza kurekebishwa, na uangalie uzito ulioandikwa. Usichukue chini ya kilo 200 hata kama pikipiki yako ni nyepesi. Jihadharini na zile zinazofungwa kwa bolti kila kiungo: zinasafiri vizuri, ila baada ya miezi zinacheza.

Mimi nilichomelesha. Nilimpelekea fundi boksi langu na karatasi. Akaligeuza, akacheka.

"Bosi, hii si stendi, hii ni ramani ya nyumba."

"Fuata hiyo hiyo, fundi. Ukipunguza hata inchi utaninunulia tangi."

"Bomba je? Ninalo hili jepesi, litakupunguzia gharama."

Nilikataa. Waambie wakupe skwea paipu ya inchi moja yenye unene wa milimita 2. Ile nyembamba inapinda kwenye kona pole pole bila kelele, na siku utakayogundua pikipiki itakuwa juu yake. Kila kona iwekewe kipande cha bapa cha pembetatu. Ekseli ya vigurudumu iwe bolti ya milimita 12. Upana wa chini, kutoka gurudumu hadi gurudumu, uwe sentimita 35 hadi 40, na sehemu ya mpini inayogusa chini iwe na upana kama huo huo.

Viganja tengeneza kwa chuma cha pembe, engo ya inchi moja na nusu, urefu sentimita 8, ukingo wake ukielekea juu upande wa nje ili swingamu isitoke. Kama swingamu ni ya mviringo, geuza engo ikae kama herufi V. Viganja visichomelewe moja kwa moja: viwe kwenye kipande cha bomba dogo kinachoingia ndani ya bomba kubwa na kukazwa kwa bolti, upate kurekebisha upana. Raba kata kwenye tairi chakavu. Fundi wa katambuga atakukatia safi kuliko wewe na kisu cha jikoni. Funga kwa skrubu zilizozama ndani ya raba, gundi peke yake inaachia kwenye jua.

Kabla ya kupaka rangi, jaribu. Inua pikipiki, acha dakika 10, angalia kila mchomeleo kwa tochi.

Kuinua na kushusha

Mara mbili za mwanzo uwe na mtu upande wa pili. Pikipiki iwe nyutro, ufunguo umetolewa, stendi ndogo imefunguliwa na ibaki imefunguliwa muda wote. Simama kushoto, mkono wa kushoto kwenye keria. Simamisha pikipiki wima, sogeza stendi mpaka viganja viguse swingamu pande zote mbili, hakikisha kwa macho kwamba fimbo ya breki iko huru, kisha kandamiza mpini kwa mkono wa kulia au unyayo, mwendo mmoja usiokatika. Usikandamize nusu ukaacha ili kuangalia. Ikishakaa, funga leva ya breki ya mbele kwa mpira wa kufungia mizigo.

Nati ya ekseli iliyokaza sana ilegeze kabla ya kuinua, tairi likiwa chini, kisha ikaze tena ya mwisho ukishashusha. Mvuto mkubwa wa spana usifanyike hewani.

Kwenye cheni, stendi ya swingamu ina faida ambayo wengi hawaijui: shokapu zinabaki zimebeba pikipiki kama ilivyo barabarani, wakati stendi kubwa inaacha tairi lining'inie, na ulegevu wa cheni unabadilika. Soma kitabu cha pikipiki au stika kwenye swingamu, uone wanataka upime ikiwa imesimamaje. Nyingi za bodaboda zinataka ulegevu wa milimita 20 hadi 30. Zungusha tairi, tafuta mahali cheni inapokaza zaidi, pima hapo.

Zungusha kwa mkono. Usiwashe injini ukaweka gia ili cheni ijizungushe huku umeshika kitambaa. Kitambaa kinavutwa kwenye sproketi, lile gurudumu la meno linalovutwa na cheni, na kidole kinakifuata kabla hujakiachia. Safisha kwa brashi na mafuta ya taa, futa, paka oili ya gia. Na mawese tuyaachie maharage. Kwenye cheni yanaganda na kukusanya vumbi la barabara nzima.

Oili ya injini usiipime pikipiki ikiwa juu ya stendi ya nyuma, maana imeinamia mbele na kijiti cha kupimia oili kitakudanganya. Shusha kwanza.

Kushusha: ondoa mpira wa breki, hakikisha stendi ndogo bado iko wazi, shika keria, inua mpini taratibu huku ukiwa tayari kupokea uzito upande wako. Kisha ondoa stendi uani mara moja. Yangu naitundika kwenye msumari stoo, juu, tangu nilipowakuta watoto wameigeuza mkokoteni na mmoja amekaa kwenye viganja, anasukumwa kuelekea mtaroni.